Tusipongezwe kwa saa mbili

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita safu yenu ya teknolojia iliwasifu vijana wa kampuni moja ya hapa mjini (hamkuitaja jina, nami siulizi) kwa kumaliza tatizo la mfumo wao uliokuwa umezidi kuwa mzito, tena ndani ya saa mbili tu. Niliisoma kwa kinyozi, namsubiri mwanangu anyolewe. Nilipofika kwenye hizo saa mbili nikalikunja gazeti.

Mimi hutunga programu, huu ni mwaka wa 17. Kwenye kazi yetu saa mbili zinatosha sana kulificha tatizo. Mwandishi wenu alikuwa na swali moja tu la kuwauliza wale vijana: baada ya hizo saa mbili, mfumo ulikuwa bado unatoa majibu yale yale?

Mniwie radhi nikionekana nina gubu. Kisa ninachotaka kukisimulia ni cha kosa langu mwenyewe.

Ofisi yetu inahudumia vyama vya akiba na mikopo. Kila chama kina masharti yake ya mikopo, riba na faini, na kamati zao hazichoki kuyabadili. Zamani masharti hayo yalikuwa yamechomekwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo kamati ikikaa Alhamisi, mimi nakesha Ijumaa. Nikachoka. Nikabuni kilugha kidogo cha Kiswahili ambacho mhasibu anakiandika mwenyewe: "Mkopo wa elimu, rejesho likichelewa zaidi ya siku 7, toza faini asilimia 2 ya rejesho." Kisha nikaandika kompaila yake, yaani programu inayosoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Mbele ya kompaila za wakubwa hii yangu ni dagaa, lakini imeniletea maradhi yao yote.

Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, tulitoa toleo jipya. Toleo lililotangulia lilikuwa likikompaili masharti yote ya chama chetu kikubwa kuliko vyote kwa sekunde 9. Hili jipya likachukua dakika 4 kasoro kidogo. Mhasibu anabadili neno moja, anabonyeza, anakwenda kuchemsha chai, anarudi, bado. Simu zikaanza.

Kati ya matoleo hayo mawili kulikuwa na mabadiliko 64. Wanaofanya kazi hii wanajua namna ya kumsaka mchawi: unajaribu badiliko la katikati, likiwa jepesi, mchawi yuko mbele yake, likiwa zito, ni lenyewe au lililo nyuma yake, unagawa tena. Mara sita tu unamshika. Nusu saa haikuisha. Badiliko lilikuwa langu, lina jina langu na saa niliyolihifadhi, saa 5 na dakika 40 usiku.

Nilikuwa nimeongeza ukaguzi wa migongano. Kamati moja ilituomba kompaila iwaonye pale masharti mawili yanapomtoza mwanachama kwa kosa lile lile. Nikauandika kwa njia rahisi kuliko zote: kila sharti lilinganishwe na yote yaliyolitangulia. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na masharti 40 ya majaribio, ambayo ni jozi 780. Yanapita kabla hujapepesa jicho. Chama chenyewe kina masharti 600. Hizo ni jozi 179,700. Masharti yameongezeka mara 15, kazi imeongezeka mara 230. Ni hesabu ya darasani kabisa, na mimi ndiye ninayewafundisha vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo.

Bosi alitaka dawa kabla ya Ijumaa. Kijana wetu mmoja, mwepesi kweli kweli, akaja nayo siku hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana. "Dada, masharti hayabadiliki yote kila siku. Tuweke akiba ya majibu. Sharti ambalo maandishi yake hayajaguswa, jibu lake la jana si ndilo la leo?" Tukajaribu. Sekunde 10. Nikaipitia kodi yake kwa dakika kama tano (kodi ndivyo tunavyoyaita maandishi ya programu, na mama mwenye nyumba wangu akinisikia kwenye simu nikisema kodi imekwama hunitazama kwa jicho la pembeni), nikaikubali. Kijana alitumia saa mbili na nusu. Tulimpigia makofi, bosi akanunua soda.

Sasa tazameni kilichotokea. Sharti namba 112 ni lile la mkopo wa elimu nililolinukuu hapo juu. Sharti namba 87 lilikuwa na maneno yale yale, ila kwa mkopo wa dharura. Hayakuwa na ugomvi. Novemba kamati ikakaa, ikaamua faini ya 87 ihusu mikopo yote. Mhasibu akafuta "mkopo wa dharura", akaandika "mikopo yote", akabonyeza. Kompaila ikalikagua upya sharti la 87 dhidi ya yaliyolitangulia, la 1 hadi la 86. Halikugongana na lolote. Ilipofika kwenye 112 ikakuta maandishi yake hayajaguswa, ikachota jibu la jana kutoka kwenye akiba: hakuna mgongano. Kweli 112 halikuguswa. Jirani yake ndiye aliyeguswa. Jibu la 112 lilitegemea masharti 112, sisi tukawa tunachungulia moja.

Wanachama 14 walitozwa faini mara mbili. Aliyegundua ni mweka hazina wa chama, mwalimu mstaafu, mama ambaye mpaka leo anajaza daftari lake la kaunta kwa kalamu ya bluu sambamba na mfumo wetu. Alinipigia saa 2 asubuhi. Nilimwamkia, akaniitikia nusu nusu. "Marahaba mwanangu. Huyu mwalimu mwenzangu rejesho lake ni 150,000. Asilimia mbili ni 3,000. Mbona kompyuta yenu inasema 6,000?" Nikamjibu naangalia. Nikachukua kikokotoo, kana kwamba hesabu ile ilihitaji kikokotoo.

Uzito wa Oktoba ulilalamikiwa na kila mtu kabla jua halijazama. Hili kosa la kimya lilikaa wiki tatu, na lisingekuwa daftari la yule mama lingefika Krismasi.

Kinachoniuma ni kwamba nilishaonywa. Kompaila yangu nimeiandika kwa Rust, mojawapo ya lugha za kutungia programu, na kompaila ya Rust yenyewe ilipitia mkasa huu nikiona kwa macho yangu. Tangu toleo la 1.24 la Februari 2018, katika kazi ya kila siku kompaila hiyo haianzi upya kila unapobonyeza. Huhifadhi majibu yake madogo madogo kwenye diski, ukirudi inakokotoa yaliyoguswa na yanayoyategemea. Kila jibu lina alama yake ya kidole, tarakimu ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye jibu lenyewe. Jibu likibadilika, alama nayo inabadilika, na hapo kompaila inajua nani wa kuamshwa na nani aachwe alale. Ni akiba ya kijana wetu, tofauti ni kwamba wenzetu waliandika nani anamtegemea nani.

Hata hivyo ikawaponyoka. Mei 6, 2021 lilitoka toleo la 1.52.0 likiwa na ukaguzi uliowashwa kwa kila mtu: alama ya jibu ilinganishwe na ile iliyohifadhiwa, na zikitofautiana pale zisipopaswa kutofautiana, kompaila ianguke kwa makelele. Ikaanguka kwangu asubuhi ya pili. Nikafanya nini? Nikarudi kwenye 1.51. Kimya. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na kazi. Zilipita siku kadhaa ndipo nikaelewa kuwa ugonjwa ulikuwamo humo humo kwenye 1.51. Nilichokikimbia ni kipimo.

Wasimamizi wa kompaila wangeweza kuufuta ule ukaguzi, na malalamiko yangekoma jioni hiyo hiyo. Mwandishi wenu angewapongeza. Mei 10, siku nne baadaye, wakatoa 1.52.1 iliyokwenda upande mwingine kabisa: ikazima akiba kwa kila mtu, ikaacha kichochoro kwa anayetaka kuiwasha kwa hiari akijua hatari yake. Wakatufanya sote wazito kwa makusudi, na wakasema kwa nini. Mradi niliokuwa nao wakati ule, uliokuwa ukimaliza kwa sekunde 20, ukaanza kuchukua dakika na nusu, na feni ya kompyuta ikilia kama mashine ya kusaga. Akiba ilirudi kwenye toleo la 1.54, Julai 29 mwaka huo. Februari 24, 2022, wakati wa toleo la 1.59, kukawa na kosa jingine. Wakaizima tena bila haya, wakaiwasha kwenye 1.60, Aprili 7.

Yaani haraka yao waliitumia kwenye kuzima. Kutibu kulichukua muda wake. Sisi tulikataa kuzima, tukatibu mbio. Na hii si tabia ya Rust peke yake. LLVM, mradi ambao kompaila nyingi, ya Rust ikiwemo, huutegemea kuzalisha maagizo ya mashine, una utaratibu ulioandikwa kabisa: badiliko likileta madhara linarudishwa kwanza, mjadala unafuata, na aliyerudishiwa hahesabiwi kuwa ameaibishwa. Kwetu ukimrudishia mtu kazi yake ananuna wiki nzima. Mimi mwenyewe nanuna.

Wakati mwingine uzito unachukuliwa kwa kupanga, na hapo pia uungwana ni kusema. Kompaila ya Go, lugha nyingine ya kutungia programu, ilikuwa imeandikwa kwa lugha iitwayo C. Agosti 2015, kwenye toleo la 1.5, ikahamishiwa kwenye Go yenyewe, na tangazo la toleo likawaambia watu wazi kwamba kukompaili kutakuwa kuzito karibu mara mbili. Matoleo ya baadaye yalianza kuurudisha wepesi.

Turudi kwetu. Baada ya simu ya mama mweka hazina nilifanya nilichopaswa kukifanya Oktoba: nikaing'oa akiba. Tukarudi kwenye dakika 4. Wanachama 14 wakarudishiwa fedha zao, nami nikawaandikia wahasibu wote barua kueleza kwa nini mfumo umekuwa mzito tena na kosa ni la nani.

Tulikaa na dakika 4 kwa siku tisa, na hapa naomba wale wenzangu wanaopenda kusema "usahihi kwanza, kasi tutaona baadaye" wanisikilize nao. Siku ya tatu mhasibu mmoja aliacha kubonyeza kila anapobadili sharti. Akawa anakusanya mabadiliko ya siku nzima anabonyeza jioni mara moja. Siku ya tano akaandika "asilimia 20" mahali pa "asilimia 2". Kompaila yangu ina onyo la kiwango kisicho cha kawaida, na lingemdaka palepale; lilimdaka saa 11 jioni, barua za wanachama zikiwa zimeshachapwa na nyingine zimeshachukuliwa. Mwingine umeme ulimkatikia mara mbili asubuhi moja, mara zote mbili kwenye dakika ya tatu. Akakumbuka kwamba niliwawekea kitufe cha kuruka ukaguzi. Akakibonyeza, na hakukiachia tena mpaka nilipokiondoa. Simlaumu. Ukimsubirisha mtu dakika 4 kwa neno moja, atatafuta njia ya mkato, na ataitafuta kwenye ule ukaguzi uliouweka kumlinda. Kwa hiyo mimi siwezi kuusifu uzito hata kidogo. Siku tisa zile nilikuwa naogopa kila simu inayoita.

Safari hii kitu cha kwanza tulichokiandika kilikuwa jaribio, kabla ya dawa: sharti namba 87 na namba 112 yenyewe, kama yalivyokuwa Novemba, na kompaila lazima ilie. Ndipo nikaanza kutafuta njia. Mkopo wa elimu hauwezi kugombana na mkopo wa pembejeo. Kwa nini uulinganishe nao? Chama kile kina aina 12 za mikopo. Nikagawa masharti katika mafungu 12, kila sharti lilinganishwe na ya fungu lake tu. Nilimaliza saa 7 usiku. Sekunde 26! Nilitaka kumpigia bosi muda ule ule.

Nikaendesha jaribio. Halikulia.

Nilikaa nikiangalia kioo. Sharti la 87 linasema "mikopo yote". Halina aina. Na mimi masharti yasiyo na aina nilikuwa nimeyatupa kwenye fungu la pembeni, yakakaa huko yakilinganishwa yenyewe kwa yenyewe. Ningerudia kosa lile lile, kwa sharti lile lile, kupitia mlango mwingine, na safari hii bila hata kijana wa kumsingizia. Nililala. Kesho yake tukayaingiza masharti ya "mikopo yote" ndani ya kila fungu. Jozi zikashuka kutoka 179,700 hadi chini ya 20,000, jaribio likalia kama lilivyotakiwa, na saa ikasoma sekunde 31.

Bosi akauliza, "Si ilikuwa 9?" Ilikuwa 9 wakati hatukagui. Nilimwambia hivyo, akakuna kichwa, akakubali. Ni bosi mzuri, nasema ukweli, ila anapenda namba ndogo.

Hiyo 31 nayo nimeipima kwa adabu. Kwa joto la Tabata mchana kompyuta yangu hujipunguza kasi yenyewe isiungue, kazi ile ile ikasoma 34. Saa 9 usiku ikasoma 30. Wasimamizi wa Rust, ambao kila wiki wana watu wa kupitia vipimo vya kompaila yao kutazama nani ameiongezea uzito, hutazama zaidi idadi ya maagizo ambayo kichakataji cha kompyuta kimetekeleza kuliko sekunde za ukutani, kwa sababu hiyo idadi haiyumbi sana na joto. Mimi sijafika huko. Nilipima mara kumi, nikachukua ya katikati.

Jambo la mwisho nimewaiga wao. Walipoirudisha akiba yao hawakuuacha ukaguzi wa alama uende. Ila kukagua kila jibu linalosomwa kutoka kwenye diski ni gharama kubwa, kwa hiyo wanakagua sehemu tu, kama jibu moja katika kila 32. Ndiyo biashara yenyewe hiyo, Mhariri: unalipa kiasi unachoweza kulipa kila siku bila watu kukukimbia. Sisi mchana tunatumia ukaguzi wa mafungu, sekunde 31. Saa 8 usiku, wahasibu wamelala, seva inauamsha ule ukaguzi wangu wa kizamani, inapita jozi zote 179,700 bila haraka na kulinganisha majibu na ya mchana. Aliyeuandaa utaratibu huo ni kijana yule yule wa akiba, na safari hii alichukua wiki mbili. Hakuna aliyempigia makofi, jambo ambalo nimelisahihisha kwa kumnunulia chakula cha mchana.

Ninachomwomba mwandishi wenu ni kidogo. Atakapokwenda tena kuwahoji watu waliopunguza uzito wa mfumo wao, awaulize kama walizima au walitibu. Kama walizima, waseme lini watawasha. Kama walitibu kwa saa mbili, waoneshe walilinganisha na nini. Wakimwonesha, nitakuwa wa kwanza kuwapongeza, kwa sababu wapo watu wepesi na sahihi kwa pamoja. Nimefanya kazi na wawili.

Najua nafasi yenu ni ndogo na barua hii ni ndefu. Mkitaka kuipunguza, kateni habari za Go. Msilikate daftari la mama mweka hazina, maana analisoma gazeti lenu na atanipigia simu. Na kwenye sekunde 31 msiandike "kama 30".

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam